Kukuta si kugundua

Wadau, kuna maneno mawili ya Kiingereza ambayo sisi waandishi tunayatumia kama mapacha: "find" na "discover". Si mapacha hata kidogo. Mwenye ubishi aje Kwihara, kilomita chache nje ya mji wa Tabora, kwenye tembe walikokaa Stanley na Livingstone mwaka 1872.

"Find" ni kupata, au kumkuta uliyekuwa unamtafuta. Stanley alipita hapa Kwihara mwaka 1871, akaendelea hadi Ujiji, akamkuta Livingstone. Kitabu chake akakiita How I Found Livingstone. Hakuandika "discovered", maana watu wa Ujiji walikuwa wanamjua mzee yule na wanaishi naye.

Sasa "discover". Ndani yake kuna "cover", kifuniko. Maana yake ya asili ni kufunua kilichofunikwa, na sisi tunasema kugundua. Shuleni tulikaririshwa kwamba Speke aligundua Ziwa Victoria mwaka 1858. Jamani, lilikuwa limefunikwa kwa nani? Wasukuma, Wakerewe na Wahaya walikuwa wanavua humo vizazi na vizazi! Tena Burton na Speke walipewa habari za ziwa hilo hapahapa Tabora, sehemu waliyoiita Kazeh, na mfanyabiashara wa Kiarabu, Snay bin Amir. Mtu kaelekezwa njia, kasindikizwa na akina Sidi Mubarak Bombay, kafika. Huko ni kufika.

Naomba nisieleweke vibaya. Speke ndiye aliyewaambia Waingereza kwamba Nile inatoka kwenye ziwa hilo, wenzake wakabisha, na baadaye ikaonekana alikuwa sahihi. Hapo alifunua kitu, ila aliwafunulia watu wa kwao. Basi tuandike hivyo.

Mtasema haya ni maneno tu. Hapana. Anayesema "nimekuta" anakubali kwamba kulikuwa na wenyewe. Anayesema "nimegundua" anajipa haki ya kubatiza. Ndiyo maana Nyanza likapewa jina la malkia wa Uingereza, na hadi leo mvuvi wa Ukerewe anavua kwenye ziwa lenye jina la mtu ambaye hakuwahi kuliona.

Kubadili jina la ziwa ni kazi ya serikali tatu. Kubadili kitenzi ni kazi yetu wenyewe, waandishi na walimu, na haihitaji bajeti. Speke alifika. Mnasemaje, wadau?