Sauti za ala zetu zisitiwe kufuli

Mali bila daftari, walinena wahenga, hupotea bila habari. Lakini hata daftari halifai kitu iwapo hati yake haisomeki.

Kangema, katika Murang'a, ndiko alikozaliwa marehemu Joseph Kamaru mwaka 1939, mwanamuziki ambaye gita lake lilisikika kote nchini. Kabla ya gita, hata hivyo, Wakikuyu walikuwa na wandindi, fidla ya uzi mmoja. Coro, yaani pembe. Na gicandi, buyu lenye mbegu ambalo wapigaji wake walijibizana kwa mafumbo. Juu ya buyu hilo zilichongwa alama za kumkumbusha mpigaji beti zake. Leo alama hizo tunaziona, bali wanaoweza kuzisoma ni wachache mno. Chombo kimesalia, ufunguo umepotea.

Hatari iyo hiyo inatukabili katika enzi ya tarakilishi. Tuseme mwalimu wa muziki amemrekodi mzee apigaye wandindi, noti baada ya noti, ili wanafunzi waitumie sauti hiyo katika tungo zao. Rekodi hizo fupi, ziitwazo sampuli, hazitoshi peke yake. Sharti pawepo faili ya maelekezo inayoiambia programu ni sampuli ipi ilie kinanda kibonyezwapo wapi, na kwa nguvu gani. Iwapo maelekezo hayo yamo katika muundo unaomilikiwa na kampuni moja, kazi ya mwalimu imewekwa rehani. Programu ya GigaStudio, iliyosifika sana miongoni mwa watunzi, iliachwa na kampuni ya Tascam mwaka 2008. Waliotegemea muundo wake wakabaki kutafuta njia za kuhamisha maktaba zao.

Sisi wanaisimu tumekwisha kuionja shubiri hiyo. Kabla ya Unicode kuenea, herufi ĩ na ũ za Kikuyu ziliandikwa kwa fonti za kubuniwa, na faili hizo zikifunguliwa penginepo hutoa vituko visivyosomeka.

Dawa ipo, nayo haihitaji fedha. Muundo wa FLAC, uliotolewa mwaka 2001, hupunguza ukubwa wa faili bila kupoteza chembe ya sauti, tofauti na MP3 ambayo hutupa sehemu yake. Muundo wa SFZ nao ni maandishi matupu: mwanafunzi huyafungua kwa programu yoyote ya kuandikia, akayasoma na kuyasahihisha. Aidha, kila sampuli yaweza kuandikiwa kimo chake hasa, ili wandindi isilazimishwe kufuata vipimo vya piano.

Wapo watakaouliza: je, kufungua mlango si kuwaalika wezi? Swali hili ni la haki, lakini linachanganya mambo mawili. Muundo huria humwezesha mtu kuisoma faili. Leseni ndiyo inayompa idhini ya kuitumia. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni inatambua haki za jamii juu ya urithi wake. Kwa hiyo mzee aombwe ridhaa kwanza, jina lake liandikwe akipenda, na masharti yaliyokubaliwa, yawe ya bure kwa wote au kwa masomo tu, yawekwe pamoja na sampuli zenyewe. Kufuli la kampuni halimlindi mzee huyo. Humlinda mwenye kampuni.

Walimu wanaoandaa wanafunzi kwa tamasha za muziki, na wahadhiri wanaosimamia miradi ya utafiti, hawana budi kudai jambo moja: hakuna sampuli itakayopokewa bila nakala katika muundo huria na leseni iliyo wazi. Wazee wanaojua wandindi wanazidi kupungua. Tusije tukawarithisha wajukuu buyu jingine lenye alama wasizoweza kuzisoma.