Sindano Kwanza, Priampu Baadaye

Mwandishi aliyedai wiki iliyopita kwamba mwenye santuri asiye na priampu ya pembeni hasikii muziki anawatia watu hasara bure.

Santuri inapochongwa, besi hupunguzwa makusudi na sauti nyembamba huongezwa. Priampu huukuza umeme wa katriji ya kawaida, milivolti 5 hivi tu, na kurudisha uwiano kwa kanuni ya RIAA ya 1954. Amplifaya nyingi za miaka ya 1970, zenye tundu lililoandikwa Phono, hufanya yote hayo, tena vizuri. Mwenye nayo apeleke hela kwenye sindano: iliyolika hukwangua mifereji, na santuri iliyokwanguliwa haifufuliwi na priampu yoyote. Na mvumo ukisikika, mara nyingi chanzo ni waya wa ethi uliolegea.

Wapo wanaohitaji kweli priampu ya pembeni, sikatai. Santuri nyingi za 78, kama za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928, zilitangulia kanuni ya RIAA. Zinataka kifaa chenye swichi ya kubadili uwiano.

Wengine, kazeni waya, badilisheni sindano, msikilize upya. Duka halihami.