Bondi, tc na kadi bubu: tuache kujidanganya

Jamani, kuna ugonjwa umewaingia mafundi wetu wa mitandao na leo nausema bila kuuma maneno. Mtu ananunua kadi ya mtandao ya bei kali, anaunganisha milango yake miwili iwe bondi moja, anaandika sheria zake za tc, kisha anatangaza kwamba kazi yote sasa inafanywa na kadi. Muulize amejuaje. Hana jibu!

Kwa walio wageni: tc ni chombo cha Linux cha kupanga trafiki, yaani nani apite, nani azuiwe, nani apewe kasi gani. Kawaida kazi hiyo ni ya prosesa. Tangu 2016 kerneli inaweza kuikabidhi kadi sheria za kichujio cha flower, prosesa ikapumzika. Ni jambo zuri, sina ugomvi nalo.

Ugomvi wangu ni huu. Usipotia neno skip_sw, kerneli hujaribu kuipeleka sheria kwenye kadi, na kadi ikikataa, sheria hubaki kwa prosesa kimya kimya. Amri imekubaliwa, kosa halionekani, fundi anaenda chai. Jioni watu wakifungua video, prosesa inalemewa, halafu lawama zote anabebeshwa aliyevuta kebo.

Kwenye bondi mambo ni mabaya zaidi. Trafiki inayoingia hupangiwa mguu na swichi ya upande wa pili, si wewe. Ukiweka sheria kwenye mguu mmoja tu, umefunga mlango wa mbele na wa nyuma uko wazi. Dawa ipo: tangu kerneli 4.16 ya 2018 tuna bloku ya pamoja, sheria moja kwa milango kadhaa. Lakini hata hapo usilale. Bondi ikiwa ya kadi mbili tofauti, kila kadi ina hesabu yake. Umemwekea mteja kikomo cha megabiti 100, naye akagawa trafiki miguu yote miwili, anaweza kuvuta hadi 200. Megabiti hizo za ziada zinatoka kwa jirani yake ambaye amelipa kama yeye.

Najua mtanijibu: afadhali prosesa ishike kazi kuliko sheria ikose kabisa. Kwa sheria ya kuzuia washambulizi nakubali, usalama kwanza. Lakini basi tuseme wazi kwamba ni prosesa, tupime kama inaweza, tusimuuzie bosi hadithi ya kadi. Kwa sheria za kasi nasimama pale pale: tia skip_sw. Ikikataliwa, ikataliwe mchana ukiwa umekaa mbele ya mashine, si usiku wateja wakipiga simu.

Na baada ya kuweka, tazama:

tc -s filter show dev bond0 ingress

Ukiona not_in_hw, kadi haijapokea kitu. Ukiona in_hw, usishangilie bado, soma in_hw_count: miguu miwili na hesabu ni moja, uliza mguu wa pili uko wapi. Rudia kila unapobadilisha kadi, draiva au kerneli.

Ni amri ya sekunde mbili. Anayeona uvivu kuiandika asituambie tena habari za maunzi. Mwenye hoja kinyume aje nayo, ila aje na matokeo ya amri hiyo mkononi.