Pima mtumbwi, usipime turubai

Mpwa wangu alishuka kwenye bodaboda mbele ya kibaraza changu hapa Bwizibwera, kwapani ana turubai la UNHCR. Alikuwa ametoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale alfajiri kupitia Mbarara, na hata maji hakuomba.

"Shikamoo mjomba. Nishonee tanga."

"Marahaba. Mtumbwi wako una urefu gani?"

"Wa kawaida tu."

"Na mlingoti?"

"Sijaukata bado. Lakini turubai ninalo, zima kabisa."

Ugomvi wangu na vijana wa siku hizi unaanzia hapo. Mtu anaanza na kitambaa. Kikiwa kikubwa, anataka tanga kubwa. Kikiwa hakikumgharimu kitu, analitaka kubwa zaidi. Mteja akiniletea mita sita za kitenge, simshonei blauzi ya mita sita. Nampima kifua kwanza. Sasa kwa nini tanga, ambalo linaweza kumzamisha mtu, lipimwe kwa uroho?

Alichotaka kijana hakikuwa hata tanga la kawaida. Kwenye simu alikuwa ameona mashua za michezo zikienda na upepo, zimetanguliza kitambaa cha rangi kilichofura kama shavu la mpiga tarumbeta. Wenyewe huliita spinaka. Hukaa mbele ya mlingoti, halina foromali, limeshikwa pembe tatu basi, na kazi yake ni pale upepo unapokupiga mgongoni. Kwa mvuvi anayerudi nyumbani jioni amechoka kupiga kafi na upondo, wazo si baya. Sikumcheka.

Nilichukua futi yangu, tukapima mtumbwi wa kufikirika chini ya mwembe. Wenye mashua hutumia vipimo viwili: kutoka omo hadi shina la mlingoti, na kutoka kapi ya juu ya mlingoti hadi sakafuni. Tukasema kipimo cha kwanza ni mita 1.2, cha pili mita 3. Upana wa spinaka kamili huwa karibu mara 1.8 ya kile cha kwanza, yaani mita 2.16. Urefu wa ukingo hupatikana kwa kuvuta kamba kutoka kapi hadi omo, kisha unapunguza sehemu 5 kwa 100. Hapa ni kama mita 3. Ukiondoa mabega yanayokatwa kwa mviringo, haifiki mita mraba 6. Turubai la mpwa wangu ni mita 4 kwa 5. Mita mraba 20.

Hakushtuka. Nikampa mfano mwingine. Ile mashua ya Olimpiki iitwayo 470 ina urefu wa mita 4.7, na spinaka yake ni kama mita mraba 13. Ndani yake wamo wanamichezo wawili waliofanya mazoezi miaka, mmoja akining'inia nje kwa waya ili isipinduke. Wewe uko peke yako na kikapu cha samaki, na mtumbwi wako mwembamba hauna hata mkuku.

"Mjomba, kikubwa si kinapunguzwa?"

Hili ndilo swali zuri alilouliza siku ile, na ndilo linalowaponza wengi. Tanga la foromali hukunjwa, likabaki nusu. Spinaka haina nusu. Ama iko juu, ama iko chini, na kuiteremsha ikiwa imefura ni kazi ya mtu mwenye mikono minne. Kwa hiyo kipimo unachokata mezani ndicho utakachokutana nacho majini. Upepo nao ukizidi mara mbili, nguvu yake juu ya kitambaa huzidi mara nne. Zidisha na tanga lililopita kipimo mara tatu, uone.

Nimekulia Baraka, Kongo, kwenye ghuba inayotazamana na rasi ya Ubwari, na ziwa Tanganyika lilinifunza kwamba upepo wa nyuma ni mwongo. Unakwenda nao, kwa hiyo unausikia kidogo. Jua linakuchoma, unadhani kumetulia. Jaribu kugeuza omo kuokota kofia iliyoanguka ndipo utajua ulikuwa umebebwa na nini. Matanga kule kwetu ni ya zamani: mwaka 1858 Mwingereza Speke alilivuka ziwa hadi kisiwa cha Kasenge kumwomba Hamed bin Sulayyim jahazi lake, akarudi bila jahazi. Mwenye chombo alijua thamani ya chombo.

Nakivale si Tanganyika, najua. Ni ziwa la kina kifupi, lina mafunjo na viboko. Lakini kiboko hakuulizi ulipinduliwa na tanga la ukubwa gani.

Kuna na uzito. Spinaka halisi hushonwa kwa nailoni ambayo ukiishika mkononi unadhani ni kitambaa cha mwamvuli. Turubai zima lina kilo kama nne, na upepo mdogo hauwezi kulifurisha. Linaning'inia, linapiga mlingoti. Kisha ghafla upepo unakuja, nalo linajaa lote kwa mpigo. Ndiyo maana nasema la turubai liwe dogo hata kuliko hesabu ya wenye mashua.

Nakivale kuna vijana wengi wanaofundishwa cherehani, na ninapenda hivyo. Wanatoka na cheti wakijua sketi, shati, sare za shule. Ningependa pia wafundishwe kumwambia mteja: kitambaa chako ni kingi, sikikati chote. Fundi anayeogopa kumuudhi mteja atamshonea chochote alichobeba.

Tulilikata turubai vipande vinne, kila kimoja mita 2 kwa 2.5. Mita mraba 5. Pande mbili zilikuwa na ukingo wa kiwandani. Zile mbili zilizokatwa nilizikunja mara mbili juu ya kamba, maana nyuzi za turubai huchomoka vibaya. Chini nikatia pensi tatu, zile zile tunazotia kwenye blauzi ili kifua kikae, likapata tumbo kidogo. Kamba ya demani nikamwapisha asiifunge popote, aishike mkononi, ili mambo yakiharibika aiachie tu.

Wiki mbili baadaye alipiga simu.

"Mjomba, linavuta. Lakini ni dogo."

"Umeliteremsha mara ngapi kwa hofu?"

"Hata mara moja."

"Basi."

Kipande cha pili na cha tatu vimeezeka jiko la mama yake. Cha nne anakidai, anasema atakuja nikiunganishe na kile cha kwanza. Nimekikunja vizuri, nimekiweka juu ya kiti cha cherehani, na nimekikalia.