Mke na Mume Ndani ya Korongo

Sisi tunaokaa Kakontwe hatuhitaji kufundishwa kwamba maji hushinda mwamba. Mtaa wetu umekaa juu ya mawe ya chokaa ambayo wanajiolojia, wanapoandika habari za Katanga, huyaita kwa jina letu, na mapango tuliyo nayo yalichimbwa na maji yaliyopenya polepole kwa miaka isiyohesabika. Basi tukisikia kwamba mke na mume wamebeba hema na chakula, wakaingia katika korongo la jangwani ili watembee siku mbili ndani ya mto, tusikimbilie kusema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu waliokosa kazi. Safari ya namna hiyo inaweza kutufaa sisi pia. Ina sharti moja tu, na ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Korongo linalosifiwa sana kwa safari hizo liko Marekani, katika jimbo la Utah, mahali ambapo mto Virgin unapita ndani ya Hifadhi ya Zion. Huko mto wenyewe ndio njia. Watu hutembea ndani ya maji, mara yakiwa kwenye vifundo vya miguu, mara kiunoni, katikati ya kuta za mwamba zinazopanda hadi mita 300 hivi, na pengine upana kati ya ukuta na ukuta haufiki mita 10. Kutoka juu hadi chini ni kilomita 26. Wasioweza kuzimaliza kwa siku moja hupewa kibali cha kulala hemani, katika sehemu chache zilizoinuka kando ya mto.

Tunapenda kitu kimoja katika safari hiyo: ndani ya mto hakuna atakayetangulia. Barabarani mume hutembea mbele, mikono mitupu, na mke hufuata na mzigo. Sote tumeyaona, na wengine wetu tumezeeka tukiyaona. Ndani ya maji, mawe yanateleza, na anayekwenda haraka huanguka kwanza. Mmoja hupima kina kwa fimbo, mwingine humshika mkono, kisha hubadilishana. Tujiulize, ni wangapi kati yetu ambao, tangu siku ya harusi, wamewahi kusafiri wawili tu, pasipo msiba, pasipo hospitali, pasipo kikao cha ukoo? Mume afanyaye kazi Kolwezi au Fungurume hurudi mwisho wa mwezi na mshahara na uchovu, na mazungumzo huwa ya ada ya shule na mabati ya nyumba. Siku mbili za kutembea pamoja si anasa kwa watu kama hao.

Wala si lazima kufika Utah. Katika mkoa wetu huu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kundelungu iliyoanzishwa mwaka 1970, kijito cha Lofoi hufika ukingoni mwa nyanda za juu, kikaanguka takriban mita 340, kisha kikapita korongoni kuufuata mto Lufira. Kwetu si jangwa. Ni nyasi na miti ya miombo, na usiku wa Juni kule juu baridi hupenya blanketi. Lakini anayetaka kuona mwamba, maji na ukimya ataviona.

Sasa tulieleze sharti lenyewe. Korongo jembamba ni kama bomba. Mvua hunyesha mbali, milimani, juu ya mawe yasiyonywa maji, na wewe uliye chini unaona jua na anga safi. Tarehe 14 Septemba 2015 watu 7 walikufa katika korongo moja dogo la Zion, na miongoni mwao walikuwamo mke na mume. Nchini Kenya, katika korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha, mafuriko ya ghafla yaliua vijana 7 wa kundi la kanisa mwezi Aprili 2012, na Septemba 2019 yakaua tena watu 7. Dalili zinajulikana: maji safi yanageuka kuwa na tope, vijiti na majani vinaelea, mngurumo unasikika kutoka juu. Anayeziona ana dakika chache tu, na mara nyingi mwenye kuziona ni mmoja kati ya wawili.

Ndipo mke anaposema, “Baba watoto, turudi.” Na mume, kwa sababu amelipia safari, au kwa sababu hataki kusimuliwa kwamba alirudishwa na mwanamke, hujibu kwamba bado kidogo. Hutokea pia kinyume chake, tusidanganyane. Wapo wake wasiotaka kukosa picha waliyowaahidi dada zao. Sisi tunasema: katika korongo, neno la mwenye hofu lipite, pasipo mabishano. Kati ya watu wawili hakuna wingi wa kura, hivyo lazima sauti moja iwe na uzito zaidi. Mwenye hofu akikosea, wamepoteza siku moja. Jasiri akikosea, nyumbani kuna watoto wasio na baba wala mama.

Wapo watakaotujibu kwamba mwenzi mwoga hatafika popote. Basi hilo lizungumzwe nyumbani kabla ya kufunga mizigo, mezani, bukari ikiwa bado ya moto. Maji yakiwa magotini wakati wa kujadiliana umekwisha.

Kwa watakaokwenda Lofoi, mtusikilize. Nendeni kati ya Juni na Agosti, ingawa wakati huo maporomoko huwa na maji machache. Kuanzia Oktoba mvua haina ratiba. Ombeni kibali na mwongozaji kwa ICCN, na mwacheni ndugu mmoja akijua siku mtakayorudi. Na kabla ya kusimamisha hema, tazameni mahali takataka za mafuriko ya zamani ziliponaswa kwenye matawi, mkalale juu ya alama hiyo, hata kama mchanga wa chini ni laini zaidi na mwenzako amechoka.