Punda naye ana haki yake

Sifa njema zote zinamstahikia Allah (S.W.), aliyetutiishia wanyama ili watunufaishe. Ijumaa hii tunapenda kukumbushana jambo ambalo wengi wetu tunalidharau: haki ya mnyama anayetutumikia.

Katika mji wa Lamu vichochoro ni vyembamba na gari halipiti. Mchanga, mawe na saruji hubebwa na punda, na wenyeji husema kuwa asiye na punda ni punda yeye mwenyewe. Pamoja na sifa hiyo, mnyama huyo amekuwa akionekana na vidonda vya kamba mgongoni na mbavu zinazohesabika. Mwaka 1987 ndipo kilipofunguliwa kituo cha kuwahifadhi na kuwatibu punda, kwa juhudi za Bibi Elisabeth Svendsen, aliyekuwa ameanzisha hifadhi kama hiyo kwao Uingereza mwaka 1969.

Mwaka wa kazi wa kituo hicho hauna mambo ya fahari. Ni kusafisha vidonda bila malipo, kutoa dawa ya minyoo, kuwauguza wagonjwa, na kuwanasihi wenye punda kuhusu mzigo, maji na mapumziko. Limekuwapo pia shindano la kila mwaka ambalo zawadi yake haiendi kwa punda mwenye mbio, kama ilivyo katika sherehe za Maulidi, bali kwa aliyetunzwa vyema kuliko wenzake.

Tunaisifu kazi hiyo. Hata hivyo, tiba ya bure haimwondolei mwenye punda dhima yake. Daktari hufunga kidonda leo. Anayekizuia kisirudi kesho ni yule anayefunga mzigo. Imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume (S.A.W.) alimwona ngamia akitokwa na machozi, akamuonya mwenyewe amche Allah kwa kumtia njaa na kumchosha. Na katika Sahih Muslim imepokewa laana juu ya aliyempiga punda chapa usoni. Kwa hiyo ule msemo wetu, punda afe mzigo ufike, si mwenendo wa muumini.

Kuna hatari nyingine. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ilihesabu punda wapatao milioni 1.8, ile ya 2019 ilipata takriban milioni 1.2. Katikati ya miaka hiyo, kuanzia 2016, yalifunguliwa machinjio yaliyosafirisha ngozi kwenda China, na wizi wa punda ukaongezeka. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi zao. Aliyeibiwa punda hupoteza riziki ya watoto wake, na mzigo ule huhamia mgongoni mwa mkewe.

Basi, enyi wazazi, tuanzie majumbani. Kijana anayetumwa na punda afundishwe kupunguza mzigo, kumnywesha kabla ya kazi na kuacha bakora. Mwenye kujenga asimlipe mchukuzi kwa namna inayomlazimu kuzidisha mifuko ili apate chakula cha siku. Maimamu nao walitaje jambo hili mimbarini, kwani mnyama hana ulimi wa kushitaki hapa duniani.

Allah atujaalie huruma kwa viumbe vyake, ili nasi tuhurumiwe. Amin.