Siku ya Kuhama, Jiwe Hai Nalo Lina Haki Yake

Wiki hii tuache hina na mapazia. Nataka tuzungumze mawe.

Nilipoolewa, mume wangu alikuwa na akwariamu ya maji ya chumvi, lita 200, anaipenda kuliko gari. Miezi mitatu baada ya harusi tukahama kutoka Michenzani kwenda Fuoni. Kitanda changu kikafunikwa mablanketi, kabati likapewa vijana wanne, sahani zikafungwa moja moja kwa gazeti. Mawe ya akwariamu yakatiwa kwenye kiroba, yakakaa nyuma ya kirikuu juani tangu saa nne asubuhi hadi alasiri. Mie ndiye niliyeamuru. Mama mkwe aliniuliza, "Mwanangu, kwani haya si mawe ya kujengea tu?" Nikacheka, nikamjibu, "Ndiyo mama, jiwe ni jiwe."

Usiku wa pili sebule ilinuka mayai viza. Siku ya nne samaki wote walikuwa wanaelea ubavu. Mume wangu hakunigombeza. Alichukua ndoo akaenda kuwazika nyuma ya nyumba, na hilo liliniuma zaidi.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu najua wapo maharusi wanaoingia kwenye nyumba zenye vioo hivi, na wapo wanaovitaka kwa ajili ya sebule nzuri ya kupigia picha. Jiwe hai linafanana na yale matumbawe yaliyojengewa Mji Mkongwe, lakini yale yamekufa na hili linaishi. Ndani ya vitundu vyake mna bakteria wanaochukua amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, wakaigeuza nitriti, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa. Ndani zaidi, pasipofika hewa, mna bakteria wengine wanaoimaliza hiyo nitrati. Juu yake mna mwani wa rangi ya waridi na zambarau, minyoo, na sifongo, jamaa za zile wanazofuga kina mama wa Jambiani. Ukilianika juani, vyote hivyo vinakufa. Ukilirudisha majini vinaoza, amonia inapanda, na waliokuwa wakiisafisha wamekufa pia. Ndiyo maana samaki wangu, waliosafiri salama kabisa ndani ya ndoo yao, walikufa kwa sababu ya mawe.

Sote tunaijua hadithi ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Tunaihadithia watoto kila siku, kisha tunadhani ni ya paka tu. Kiumbe aliyefungiwa kiooni hana pa kwenda kujitafutia maji mazuri. Hayo maji ni wewe.

Wako watakaosema kufuga kwenyewe ndiko kosa. Sikubaliani nao. Abu Umayr, mdogo wake Anas, alikuwa na kindege chake, na Mtume (s.a.w.) alikuwa akimtania nacho, hakumkataza. Wanavyuoni wengi wamelichukua hilo kuwa ni ruhusa, kwa sharti la kumtunza mnyama. Ninachokasirikia mimi ni kulisahau sharti siku gari la kuhamia likishafika mlangoni.

Basi fanyeni hivi. Akwariamu ihamishwe siku yake peke yake, isichanganywe na siku ya masofa wala, Mungu apishe mbali, siku ya walima. Siku moja kabla, maji mapya ya chumvi yawe tayari kule mnakokwenda, chumvi yake imepimwa ilingane na ya zamani, kiasi cha gramu 35 kwa lita. Maji ya zamani yaliyo safi msiyamwage. Jazeni mapipa na deli. Mawe yakae ndani ya maji hayo, na samaki wapewe chombo chao mbali na mawe, maana jiwe likiteleza linawaponda. Pampu ndogo ya hewa ya betri iwe inafanya kazi njia nzima, na hata mkifika, kwa sababu umeme wetu mnaujua.

Kama maji hayatoshi na safari ni ya saa chache, mawe yafungwe kwa magazeti yaliyoloweshwa maji ya chumvi, yatiwe kwenye deli, lifungwe. Hivyo ndivyo hata wafanyabiashara wanavyoyasafirisha. Lakini sifongo hazipendi kabisa kuguswa na hewa, kwa hiyo jiwe lenye sifongo lisitoke majini.

Maelekezo mengi mtakayosoma yameandikwa na watu wa nchi za baridi, wanahofia maji kupoa. Sisi adui yetu ni jua. Maji yakipata moto hewa yake inapungua, na gari lililofungwa mchana wa Januari ni jiko. Hameni alfajiri baada ya swala. Chupa ya maji yaliyoganda iegemezwe nje ya pipa. Barafu isitiwe ndani, itayeyuka ipunguze chumvi. Na tafadhali, msichana wa kazi asije akayasuuza mawe kwa maji ya bomba ili "yang'ae". Mchanga wa chini ndio wa kuogopwa: ukikorogwa unatoa gesi yenye sumu, kwa hiyo wa zamani uoshwe vizuri au utupwe.

Mkifika, lisha kidogo, pima amonia kila siku kwa wiki mbili, ikipanda badilisha sehemu ya maji. Nusa pia. Jiwe zima linanuka bahari. Likinuka viza, litoe uliweke peke yake.

Na yakifa? Hapa ndipo ninapogombana na watu. Msimtume mvuvi akavunje mengine mwambani. Matumbawe mengi makubwa huongezeka kama sentimita moja tu kwa mwaka, na biashara ya kimataifa ya jiwe hai inadhibitiwa kwa mkataba wa CITES. Chumbe imehifadhiwa tangu 1994, lakini miamba isiyo na mlinzi nayo ni ya Mola yule yule. Wala msiyarudishe baharini mawe ya akwariamu kwa huruma, mtapeleka maradhi. Mawe yetu yaliyokufa tuliyasugua, tukayaloweka, tukayaanza upya na kipande kimoja kizima tulichopewa na rafiki wa mume wangu. Ilichukua wiki sita kabla ya kuthubutu kutia samaki mmoja.

Kama wewe ni bibi harusi na unaona kazi hii huiwezi, hakuna aibu. Mwambie mchumba wako sasa, mumtafutie mtu anayejua mapema, na umwache yeye aje na mapipa yake ayachukue kabla hamjaanza kufunga vyombo.